Mama mkwe kaleta bokoboko, nikamwambia sili wanga

*Shikamoo Shangazi.*

*Mimi ni mwanamume wa miaka 36, mkazi wa Chumbageni hapa Tanga, karani bandarini, nina mke na watoto wawili. Mazoezi sikuyajua. Siku moja ya Septemba 2025 niliamka nikakuta simu imejaa video za Simbu akichukua dhahabu ya marathoni kule Tokyo. Yeye na yule Mjerumani walipewa muda mmoja, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, mshindi ikabidi atafutwe kwenye picha. Nikasema huyu ni Mtanzania kama mimi. Wiki ileile nikanunua raba, nikajiunga na klabu ya mbio ya mtaani kwetu.*

*Siku za kazi tunakwenda Raskazone na kurudi. Jumapili tunatoka saa 11 na nusu alfajiri hadi Amboni na kurudi, na wenye nguvu wanaongeza. Nimejiandikisha nusu marathoni ya mwezi wa 8, kilomita 21.*

*Shida yangu ya kwanza ilikuwa tumbo. Nilikuwa nakunywa chai ya maziwa kikombe kikubwa na vitumbua vitatu, pengine na bajia za jana, kisha natoka. Nikifika kilomita ya 7 au 8 tumbo linakata, sina ujanja. Nimeingia kichakani mara tatu, na mara ya tatu mwenye shamba alinikuta. Tulisalimiana.*

*Mwenzetu mmoja wa klabu akanitumia chati. Inasema mkimbiaji aache wanga kabisa: wali, ugali, chapati, mkate, muhogo, hata ndizi. Ale mayai ya kuchemsha, nyama, parachichi na majani, na asubuhi akimbie na tumbo tupu ili mwili uchome mafuta. Nikaifuata. Tumbo likapoa kweli, na ndani ya miezi minne nikashuka kutoka kilo 70 hadi 62. Nilifurahi.*

*Sasa nikifika kilomita ya 13 au 14 miguu inakuwa magogo. Jumapili mbili zilizopita niliona giza, nikakaa chini kando ya barabara, nikarudishwa nyumbani na bodaboda. Usiku silali vizuri, mchana nina hasira za bure, kazini nimekosea hesabu ya makontena mara mbili.*

*Na nyumbani kumechafuka. Mke wangu anasema, "Chakula changu kimekuwa sumu?" Mwezi uliopita mama yake alikuja kutoka Pangani na sufuria la bokoboko, kaamka usiku kulipika. Nikamwambia, "Mama, mimi siku hizi sili wanga." Akalifunika kwa kawa, akasema, "Haya mwanangu, watakula majirani." Tangu siku hiyo hajanipigia simu, na mke wangu anapakua sahani tatu tu.*

*Shangazi, nile nini nimalize kilomita 21 bila kichaka na bila bodaboda? Na kwa mama mkwe nifanyeje?*

*Mkimbiaji wa Chumbageni*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale mliposalimiana na mwenye shamba. Mara ya pili nilikwama kwenye bodaboda, sikucheka tena. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kukaa hapa kujibu barua zenu, na mtu aliyepungua kilo 8, anayeona giza na asiyelala, simwandikii chakula kabla hajapimwa. Kesho nenda kituo cha afya. Mwambie daktari unavyokimbia na unavyokula, apime wingi wa damu, sukari na malaria. Kukiwa na ugonjwa utibiwe. Kusipokuwa na ugonjwa, nitakwambia ninachoshuku: una njaa.

Najua utabisha kwamba unashiba mayai. Kushiba ni habari ya tumbo, mimi nasemea miguu. Wanga ukiliwa hugeuka sukari, na ile isiyotumika papo hapo mwili huiweka akiba ndani ya misuli na kwenye ini. Akiba hiyo wataalamu huiita glaikojeni. Mtu mzima aliyekula vizuri huwa na kama gramu 400 kwenye misuli na kama 100 kwenye ini, nguvu ya kilokalori 2,000 hivi. Mkimbiaji hutumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili wake katika kila kilomita, kwa hiyo wewe wa kilo 62 unahitaji kama 1,300 kumaliza 21. Piga hesabu, wewe si karani? Akiba ikijaa, inakufikisha.

Yako haijajaa. Miezi minne hujaiwekea kitu cha maana, halafu unatoka alfajiri bila kula. Usiku kucha ubongo wako ulikuwa unalishwa sukari ya kwenye ini, kwa hiyo unapofunga kamba za raba ini limeshapungukiwa. Kilomita za mwanzo unakwenda na kidogo kilichobaki kwenye misuli. Kikiisha unakata moto, na lile giza la machoni huenda ni dalili ya sukari ya damu kushuka. Mafuta mwilini bado unayo, tena mengi, ila mafuta yanataka oksijeni zaidi ili yatoe nguvu ileile. Kwa mwendo wa kuzungumza yanatosha. Ukitaka kukaza, pumzi zinakuishia.

Chati hiyo imeshajaribiwa na watu wenye miguu kuliko yako na ya mwenzako. Mwaka 2017 Louise Burke na wenzake wa Australia walitoa matokeo ya watembeaji wa mashindano wa kiwango cha dunia. Waliowekwa kwenye mafuta mengi na wanga kiduchu kwa kama wiki 3 walijifunza kuchoma mafuta, hilo lilitokea kweli, lakini walitumia oksijeni nyingi zaidi kwa mwendo uleule, na mazoezi yote yale hayakuwaongezea kasi. Tena hapa jirani, utafiti uliochapishwa 2004 uliangalia sahani za wakimbiaji 10 wa Kenya wa daraja la juu. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga, na mengi yalikuwa mambo unayoyajua: ugali, wali, mkate, viazi, maharage, maziwa na sukari ya kwenye chai. Hao ndio wanaotuacha barabarani, mwanangu, na ugali wanakula.

Simlaumu mwenzako wa klabu. Pengine yeye anatembea tu, au ana kitambi cha kupunguza, na kwake imemfaa. Wewe umevaa nguo ya mtu mwingine.

Kiasi gani basi? Kwa mtu anayefanya mazoezi kama yako, gramu 5 hadi 7 za wanga kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwako ni kati ya 310 na 430. Nusu kilo ya mchele mkavu ina kama gramu 400, upate picha. Sisemi ubugie nusu kilo ya mchele peke yako, watoto watalia. Ugawe: uji asubuhi, ugali au muhogo mchana, ndizi na machungwa katikati, wali usiku. Siku ya kupumzika punguza, siku ya kabla ya mbio ndefu ongeza. Mayai, samaki na nyama usiviache, maana misuli hujengwa kwa protini. Gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo zinakutosha, na mtu anayeishi karibu na soko la samaki la Deep Sea hana haja ya unga wa kopo. Parachichi nalo endelea nalo, halina kosa.

Sasa kichaka, ambacho naona ndicho kilichokutia mikononi mwa chati. Ulilaumu wanga, na aliyekutesa alikuwa saa pamoja na mafuta. Kitumbua kimelewa mafuta, bajia ni kunde na mafuta, na vyote hukaa tumboni muda mrefu. Ukianza kukimbia damu inahamia miguuni, utumbo unaachiwa kidogo tu, na juu ya hapo unautikisa kwa kila hatua. Chakula kizito kikikutwa humo kinatafuta mlango. Na lile kombe la maziwa nalo nalitilia shaka. Watu wazima wengi wa kwetu sukari ya maziwa haiwasagiki vizuri, wakikaa kwenye kiti hawajui, wakikimbia wanajua. Maziwa ya Tanga ni matamu, kunywa, ila kunywa ukisharudi.

Jumamosi jioni kula mapema, saa 1 hivi. Mwombe mama watoto akupakulie wali mweupe kabla hajatia tui, au viazi, na samaki wa mchuzi mwepesi. Mbaazi, maharage, pilipili na majani mengi subiri kesho. Jumapili amka saa 10 na nusu: chai ya rangi yenye sukari na vipande viwili vya mkate wa ajemi na asali, au ndizi mbivu mbili. Ndizi moja ya wastani ina kama gramu 27 za wanga. Mafuta hamna, nyuzinyuzi kidogo, na una saa nzima kabla ya kutoka. Ukiona saa moja haitoshi, anza na ndizi moja na ongeza kila wiki, kwa sababu tumbo nalo hufundishwa kama miguu. Kahawa ya wauza kahawa ina nguvu yake, kafeini husaidia kweli kwenye mbio, lakini kuna watu inawapeleka chooni mbio kuliko vitumbua. Ijaribu siku ya Raskazone, usiijaribu siku ya Amboni.

Njiani, kwa kuwa unakwenda zaidi ya saa moja na nusu, kula kidogo. Gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa ndicho kipimo kinachotumika. Tende tano au sita ndogo, zisizo kokwa, zinakupa kama 30. Ziweke kwenye mfuko wa bukta, anza kula kilomita ya 6 au 7, usingoje miguu iombe. Ukitaka kinywaji, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 12 vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu kwa ladha. Juisi ya miwa naipenda sana lakini kwa mkimbiaji ni nzito, ichanganye nusu kwa nusu na maji. Na dafu, kabla hamjaniandikia wote: dafu lina potasiamu nyingi, sodiamu kidogo, na jasho linatoa sodiamu zaidi. Kwa hiyo dafu ni zuri ukirudi, pamoja na kitu chenye chumvi.

Maji yenyewe, kwa joto na unyevu wa pwani yetu, hayana kipimo kimoja kwa wote. Jipime kilo bila nguo kabla ya kutoka na baada ya kurudi, ukishajifuta jasho. Kilo 1 iliyopotea ni kama lita 1 ya maji. Kwa uzito wako, ukipungua zaidi ya kilo 1 na robo ujue ulikunywa kidogo mno. Ukirudi umeongezeka, ulizidisha, na hilo nalo si zuri: maji mengi kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, na watu wamelazwa kwa hilo.

Kuna jambo dogo hukuliuliza. Chai ya rangi pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha yasiingie mwilini, na mkimbiaji mwenye damu pungufu hafiki mbali. Chai isogeze saa moja mbele au nyuma ya mlo wa namna hiyo. Kwenye mlo weka chungwa la Muheza au kamulia ndimu, maana vitamini C husaidia chuma kuingia. Na nyie dada zangu wa klabu mnaosoma barua ya mwenzenu kimyakimya: anayekimbia sana, anakula kidogo, akakosa hedhi miezi mitatu, asifurahie kwamba kapumzika. Mwili umebana matumizi, na mifupa ndiyo itakayolipa. Aende hospitali.

Ramadhani ikikukuta kwenye mazoezi, mbio ndefu punguza. Kimbia pole kwa muda mfupi karibu na futari, au baada ya tarawehe ukiwa umekula. Daku lichelewe na liwe la maana, si maji na tende mbili.

Haya, tuje nyumbani.

Mwanangu, hapo ulikosea, na kosa lako halikuwa kukataa chakula. Watu wana kisukari, wana presha, wanakataa chakula kila siku na hakuna anayenuna. Kosa ni kwamba kwako mwiko wa kupakulia uligeuka mwiko wa kweli kupitia simu ya mtu, na mwenye jiko hakuulizwa. Mkeo amekulisha miaka yote hiyo, ghafla anaambiwa kilichomo sufuriani hakifai, na anayesema hivyo ni mtu asiyejua hata bei ya nazi. Ningekuwa mimi, sahani tatu zingekuwa mbili. Mwonyeshe majibu ya hospitali, mwambie uliyoyasoma hapa, halafu mpange naye wiki nzima, yeye akiwa na kalamu. Utaona hakuna kinachopikwa mara mbili. Jumamosi wako unapakuliwa kabla ya tui, basi. Jumapili mchana, ukisharudi Amboni, wali wa nazi, mbaazi na samaki ndivyo hasa mwili wako unavyovitaka.

Kuhusu mama mkwe, nimecheka tena, unisamehe. Unajua bokoboko ni nini? Ngano na nyama, vimepikwa hadi vikasagika pamoja. Mkimbiaji akimaliza mbio ndefu huambiwa ale wanga wa kurudisha akiba, na gramu 20 hadi 25 za protini za kutengeneza misuli, mapema iwezekanavyo, tena kitu laini maana tumbo bado halijatulia. Kuna watu wanalipa hela nyingi kununua kitu hicho kwenye kopo. Wewe kililetwa hadi mlangoni, kutoka Pangani, bure, bado cha moto, ukakipeleka kwa majirani.

Usimpigie simu, nenda. Jumapili ijayo kimbia kilomita 12 tu, za pole, oga, mchukue mkeo na watoto mpande gari la Pangani. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo beba kilo mbili za ngano ya kukoboa na nyama nzuri, umkabidhi mwenyewe, mkononi. Atajua umefuata nini, hutahitaji hotuba. Mwambie tu, "Mama, siku ile nilikosea, nimekuja kula." Kisha kaa chini usubiri, bokoboko haliharakishwi. Akikumwagia samli nyingi juu, usimhesabie gramu, kula. Jumatatu hukimbii.

Shangazi